Mti umekauka upande mmoja, umelala chini, umegeuka mwekundu: unaumwa au unajilinda?

Shemeji kanitumia picha juzi, kasimama pembeni ya Trail Ridge Road, barabara ya milimani kule Colorado, Marekani, nyuma yake kuna sprusi, aina ya msonobari, ambayo matawi yake yote yameelekea mashariki, upande wa pili shina liko tupu kama limenyolewa, na kaandika maneno machache tu, "huu umepigwa radi au umeungua?" Na wala si yeye peke yake. Kila kiangazi nikipandisha watu wetu kule juu, Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Denver na Aurora, likishapita lile la "mbona napumua kwa shida" linalofuata huwa ni la miti. Mti umekufa nusu, mti umelala kama umekanyagwa na gari, mti una kitu cheusi kama sufi ya godoro lililoungua. Nimechoka kujibu moja moja kwenye simu, sa naandika yote hapa, dalili baada ya dalili, na sababu yake, na namna ya kuhakikisha.

Ila kabla ya dalili yoyote kuna maswali mawili, na ukiyaruka utadanganyika kila siku. La kwanza, upepo wa wakati wa baridi unatoka wapi? La pili, theluji ya mwezi wa pili huwa inafika wapi kwenye mwili wa huo mti? We umekuja mwezi wa saba, nyasi ni kijani, kuna maua, unaona mti mzima kuanzia kisigino mpaka kichwani. Mti wenyewe hayo maisha unayoyaona ni miezi miwili mitatu tu, iliyobaki yote nusu yake imezikwa na nusu inapigwa. Ukiusoma kwa macho ya mwezi wa saba utaona ugonjwa pasipo na ugonjwa.

Nitatumia maneno ya mabaharia wetu wa pwani maana hayana mpinzani: joshini ni upande unakotoka upepo, demani ni upande wa kisogoni. Pale Colorado wakati wa baridi joshini ni magharibi, karibu siku zote.

Na ujue unaangalia mti gani

Shika tawi. Jani la sprusi ya Engelmann lina pembe nne, ukilisugua kati ya vidole viwili linazunguka, na ncha yake inachoma. Jani la firi ya milimani ni bapa, halizunguki, ni laini, na koni zake zimesimama juu ya tawi kama mishumaa ya keki, za sprusi zinaning'inia. Hao wawili ndo wenyeji wakuu pale juu mpaka miti inapokatika, kwenye mita 3,400 hadi 3,500 hivi. Kwenye migongo ya mawe, pale ambapo hata theluji haikai kwa sababu upepo unaifagia, utakuta paini inaitwa Pinus flexilis, mi naiita paini mnyumbuko, sindano zake ziko tano tano kwenye kishungi kimoja na kitawi chake kichanga unaweza kukifunga fundo kisikatike. Usifanye, nakwambia tu.

Matawi yote yako upande mmoja

Hii ndo picha ya shemeji, na ndo swali namba moja. Watu wanadhani matawi yalikua pande zote afu upepo ukayapinda yakageukia kule. Hapana. Matawi ya joshini yalichipua kama mengine, yakafa, na yanachipua tena kila mwaka na yanakufa tena.

Kinachoyaua ni chembe za barafu. Theluji ya juu kule ni kavu, nyepesi kama unga, upepo ukifika kilomita 100 kwa saa, na kule wakati wa baridi hiyo si habari, unaiokota na kuirusha kama mchanga. Kama umewahi kusimama ufukweni kusi ikivuma kweli kweli mchanga ukakuchoma miguu basi umeshaelewa, ila hii inaenda miezi. Sasa kila jani la msonobari limepakwa nta nje, ndo koti lake la kuzuia maji yasitoke. Chembe zinakwangua hiyo nta kidogo kidogo, na ikishakwanguka maji yanavuja nje, na mizizi haiwezi kuleta mengine maana udongo umeganda na hata shina lenyewe limeganda. Kwa hiyo jani linakufa kwa kiu, limezungukwa na theluji kila upande. Watafiti Julian Hadley na William K. Smith walilifuatilia hili kule Wyoming, milima ya Medicine Bow, miaka ya 1980, wakakuta kwenye mti ule ule majani ya joshini yamekwanguka na kukauka na ya demani yako salama.

Hakikisha hivi. Chuma jani moja la joshini na moja la demani, yaweke kwenye kiganja. La demani lina ule uvumbi wa bluu-bluu unaofutika kwa kidole. La joshini limepauka, halina uvumbi, limekuwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye upande uliopigwa. Afu inua macho uangalie majirani: kama miti yote imeelekea upande mmoja, kesi imeisha, ni bendera. Ndivyo tunavyoiita, bendera, na mti wa bendera unaweza kuishi hivo miaka mamia.

Kuna kitu kimoja cha kukuchanganya. Kama matawi yamekosekana upande wa juu wa mteremko, magome yamechubuka mpaka mbao inaonekana, na chini ya mteremko kuna vigogo vimelala kichwa kikielekea bondeni, hapo si upepo, hapo ni njia ya maporomoko ya theluji, na ukiwa hapo wakati wa baridi hutakiwi kuwa umesimama unapiga picha.

Dawa ya bendera? Hamna, na haihitajiki. Na usivunje yale matawi makavu ya joshini eti unasafisha, yale maiti bado yanakinga upepo kwa walio nyuma.

Chini kijani, katikati kikavu, juu kijani tena

Hii mi ndo naipenda kuliko zote na ndo inayowachanganya watu kuliko zote. Unakuta mti una sketi nzito ya kijani chini, kama mita moja hivi kutoka ardhini, afu shina tupu lenye vijiti vikavu, afu juu kabisa kishungi cha kijani kama mfagio umesimamishwa. Dada mmoja aliniuliza kama kuna mnyama anakula katikati.

Piga magoti. Kweli, piga magoti, uangalie ile sketi inapoishia juu. Utaona imekatwa sawasawa kama mtu kapitisha panga, na miti kumi ya jirani imekatwa usawa ule ule. Ule ndo uso wa theluji. Chini ya hapo, mti unalala ndani ya theluji miezi yote ya baridi, na theluji imejaa hewa ndani yake, hewa hiyo imenaswa haitembei, kwa hiyo ni blanketi. Nje inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri na ndani kabisa karibu na ardhi ni karibu na sifuri tu. Hamna upepo, hamna jua la kukausha, hewa ina unyevu. Tawi lililozikwa halina kiu.

Sasa zile chembe za barafu hazirushwi juu sana, nyingi zinakimbia zikiambaa na uso wa theluji, kwa hiyo ile sehemu ya shina iliyo juu kidogo tu ya uso ndo inayokula mawe yote. Ndo pale pakavu. Ukipanda juu zaidi chembe zinapungua, na kishungi kinapata nafasi ya kuishi. Kwa maana hiyo mti ukitaka kuwa mrefu lazima uvuke hilo eneo la kifo, na unavuka pale tu ikitokea miaka kadhaa mfululizo ya unafuu, chipukizi moja inaponyoka, inafika juu, na ikishafika juu imepona. Isipofika inakatwa na inaanza upya. Hiyo ndo historia ya ule mti, imeandikwa kwenye shina, na we ulidhani ni mbuzi.

Kipimo cha ziada: kama baada ya kuangalia majirani huyu mmoja tu ndo amekauka katikati na wengine wazima, acha habari za theluji, nenda kwenye habari za gome huko chini, penye majani mekundu.

Mti umelala, umekuwa kichaka

Wajerumani wana jina lake, krummholz, yani mbao iliyopinda, na kote duniani watu wa milima wanaitumia hiyo hiyo. Unaona kitu kina urefu wa kiuno na upana wa sebule, unadhani ni aina nyingine ya mmea. Chuma jani, lisugue: linazunguka. Ni sprusi ile ile ambayo mita 300 chini ina mwili wa mita 30.

Sababu ya kwanza ni ile ile ya juu, chochote kinachotoka nje ya blanketi kinakatwa, kwa hiyo mti unakua kwa mapana badala ya marefu. Ila kuna sababu ya pili ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni joto la kukulia. Mti mrefu umesimama hewani, kwa hiyo joto lake ni joto la hewa, hauna ujanja. Christian Körner, mtaalamu wa mimea wa Basel, Uswisi, na wenzake walipima kwenye milima mingi duniani wakaona miti inakoma pale ambapo wastani wa joto la msimu wa kukua unakuwa kama nyuzi 6 hivi. Chini ya hapo jani bado linaweza kutengeneza sukari, tatizo ni kwamba mti hauwezi kuitumia, seli mpya hazijengeki kwenye baridi hiyo. Ni kama una saruji na mchanga vimejaa uwanjani ila mafundi wameganda mikono. Sasa kichaka kilichobanana, kimelala chini, mchana jua likipiga hewa ndani yake inanaswa na inapata joto kuliko hewa ya nje. Weka mkono wako ndani ya kichaka saa sita mchana, halafu uutoe. Utajua mwenyewe.

Na hivi vichaka vinatembea. Usicheke. Tawi la chini likilemewa na theluji likagusa ardhi yenye unyevu linatoa mizizi, linakuwa mti wake, afu nalo linatoa lingine mbele, na kwa kuwa joshini panakufa na demani panaota, kichaka kizima kinasogea kufuata upepo, sentimita chache kwa mwaka. Mtafiti John Marr alieleza jambo hili mwaka 1977 kutokana na milima ya Colorado. Ukitaka kuona ushahidi zunguka joshini, utakuta vigogo vya kijivu vimelala vimeng'arishwa na upepo, pale ndo kichaka kilipokuwa zamani. Kwa hiyo mzee uliyemkuta amelala anaweza kuwa na umri wa kumzidi babu wa babu yako, na ndo maana nagombana na watu wanaokaa juu yake kupiga picha. Kalia jiwe, mawe yapo.

Majani mekundu mwezi wa tano

Hapa tulia maana hapa ndo penye ugonjwa wa kweli na ugonjwa wa uongo, na kwa mbali vyote vina rangi moja.

Ya uongo kwanza. Colorado upande wa mashariki wa milima kuna upepo wanauita Chinook, unashuka mlimani ukiwa mkavu na wa joto, katikati ya baridi unaweza kupandisha joto nyuzi nyingi ndani ya masaa machache. Mti ulikuwa umelala, majani yanaamshwa, yanaanza kupoteza maji, na chini bado kumeganda. Matokeo unayaona masika: majani yamekuwa mekundu-kahawia, mara nyingi kwa mkanda mlimani, yani ukisimama ng'ambo unaona mstari mwekundu umepita katikati ya mteremko, juu kijani na chini kijani. Ugonjwa hauchori mistari. Hiyo ni kiu ya baridi. Chukua kisu kidogo, pasua chipukizi moja ya ncha ya tawi. Ndani ikiwa kijani mti uko hai na ikifika mwezi wa saba utatoa majani mapya. Ikiwa kahawia na kavu mpaka ndani, hilo tawi limekwenda.

Ya kweli. Mti mzima, kuanzia juu mpaka chini na pande zote, umegeuka rangi, na wa jirani yake nao, bila kufuata joshi wala demani. Usiangalie majani tena, angalia gome. Kwenye paini tafuta vidonge vya utomvu, kama popokoni iliyomwagiwa karameli, vimetoka kwenye vitundu. Chini ya shina kuna unga wa mbao kama wa msumeno. Bandua kipande cha gome lililokufa utaona mifereji imechorwa. Huyo ni mdudu wa gome. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 mdudu wa paini alifyeka Colorado mamilioni ya miti, na kwenye sprusi yuko ndugu yake. Ujanja wa kumtambua wa sprusi ni kwamba mti hauwi mwekundu sana kama paini, unafifia kijani cha manjano na kuangusha majani, kwa hiyo ukiona sprusi inapauka na chini yake majani yamemwagika kama zulia, usisubiri wekundu. Baridi kali ya muda mrefu ndo iliyokuwa inawapunguza hawa wadudu, na baridi zimekuwa laini.

Na kuna wekundu wa tatu ambao si kitu: majani ya ndani, ya zamani, yaliyo karibu na shina, yanageuka manjano na kuanguka msimu wa vuli. Misonobari nayo inabadilisha nguo, ila haivui zote mara moja. Ukiona ncha za matawi ni kijani na ndani ndo manjano, endelea na safari.

"Kwani maji ndani ya mti hayagandi?"

Si dalili ila naulizwa sana, hasa na watoto, kwa hiyo nijibu. Yanaganda. Ujanja ni wapi yanagandia. Kuanzia mwezi wa nane siku zikianza kuwa fupi mti unajiandaa, unajaza sukari kwenye seli na kubadilisha ngozi za seli ziwe laini, na baridi ikija maji yanatoka nje ya seli na kuganda kwenye nafasi za katikati, seli inabaki imesinyaa, ina utomvu mzito, haina barafu ndani. Chipukizi za sprusi na firi zinafanya zaidi, zinasukuma maji yao nje kabisa yakagande kwenye kitako cha chipukizi. Ikishajiandaa hivo inavumilia nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Mti ule ule, chipukizi changa ya mwezi wa saba, nyuzi chache tu chini ya sifuri usiku mmoja zinaiua, inaning'inia imenyauka kama mchicha uliosahaulika juani. Kwa hiyo ukiona ncha changa zimelegea na kuwa kahawia zote kwa pamoja kiangazi, uliza kama kulikuwa na barafu ya usiku. Baridi ya msimu haiwapati, baridi ya kushtukiza ndo inawapata.

Mabomba nayo, yani mishipa ya kupandisha maji ndani ya shina: maji yakiganda hewa iliyomo inatoka na kuwa povu, na povu kwenye bomba linakata mtiririko. Miti mingi ya majani mapana ina mabomba mapana, povu linabaki. Misonobari ina mabomba membamba mno, povu linakuwa dogo, likiyeyuka linarudi kwenye maji. Bei yake ni kwamba maji yanapanda polepole na mti unakua polepole.

Mi huwa nawaambia wa nyumbani wasiifananishe miti hii na ya Kilimanjaro. Kule juu hamna misonobari, kuna mierika na yale masenesio makubwa, na yenyewe hayana msimu wa kujiandaa, yanapata barafu usiku na jua kali mchana wiki yoyote ya mwaka, kwa hiyo yanajifunika majani kila jioni. Ni mtihani mwingine kabisa. Na paini zetu za shamba la miti la Sao Hill kule Tanzania, zile asili yake ni Mexico, ukizileta hapa hazifiki Krismasi.

Kitu cheusi kama sufi kwenye matawi ya chini

Ukigusa ni kama blanketi la kahawia-jeusi limegandisha majani pamoja. Ni kuvu, anaishi chini ya theluji, anapenda pale pale pazuri nilipopasifia: karibu sifuri, unyevu, hamna upepo. Kwa hiyo blanketi linalomwokoa mti na kiu linamfuga na kuvu. Ukiliona jingi jua kwamba hapo theluji inachelewa kuyeyuka, labda kwenye bonde dogo au nyuma ya mwamba. Mti mkubwa haufi kwa hilo, matawi ya chini tu. Mche unaweza kufa. Theluji ikiyeyuka jua linamkausha na anaacha kuenea mpaka baridi nyingine.

Shina limepinda kwenye kitako

Kama mpini wa bakora, chini limelala kuelekea bondeni afu linanyooka. Theluji kwenye mteremko haikai tuli, inateleza polepole sana na kumsukuma mche, na mche kila kiangazi unajinyoosha. Si ugonjwa.

Mti mzima umekuwa manjano mwezi wa tisa

Uko wapi? Ukinijibu Colorado, rudi kwenye gome. Ukinijibu milima ya Cascade kule jimbo la Washington, au Banff upande wa Kanada, basi pole kwa wasiwasi, huo ni mlachi wa milimani, msonobari unaopukutisha majani yote kila mwaka. Wenzako wanaendesha gari masaa kadhaa kwenda kuupiga picha. Nao ni ujanja: hauna jani, hauna cha kukaushwa na upepo wa mwezi wa kwanza.

Hamna watoto

Unakuta miti mizee imesimama na uwanda kati yao hauna mche hata mmoja. Usilaumu mbegu kwanza. Mche wa sprusi wa mwaka wa kwanza ni mdogo kuliko njiti ya kiberiti na mizizi yake haijafika popote, wiki moja ya ukavu kiangazi imeuondoa. Afu kuna lile la usiku wa mbingu wazi: mche ulio uwandani unapoteza joto kwenda angani, unapigwa na barafu, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua kali la mlimani linauangukia kabla haujapata joto, jani linapokea mwanga ambao haliwezi kuutumia, mwanga huo huo unaliharibu. Kwa hiyo tafuta miche pale ambapo haioni anga nzima: mashariki kuna jiwe, juu kuna tawi la mama, pembeni kuna gogo. Ukiikuta hapo, msitu uko sawa. Na miaka ya koni nyingi haiji kila mwaka, inakuja kwa kupishana.

Paini mnyumbuko na mwenzake wa kaskazini, paini gome-jeupe, hao mbegu zao hazina bawa la kupeperushwa na upepo. Wanategemea ndege wa ukoo wa kunguru, kijivu na mabawa meusi, ana kifuko chini ya ulimi, anabeba mbegu na kuzifukia ardhini maelfu kwa maelfu kwa ajili ya baridi, na anazozisahau ndo miche. Ndo maana unakuta paini tatu nne zimetoka shimo moja, kitako kwa kitako. Ni chakula kilichosahauliwa.

Na hapo kwenye paini za sindano tano ndo nilipochemsha mwenyewe. Mama mmoja tulipanda naye, akanionyesha tawi moja limekauka kwenye paini mnyumbuko, mi nikamwambia "joshini hiyo, upepo," tukapita. Nikarudi mwaka uliofuata mwanzoni mwa mwezi wa sita, mti ule ule, nikaangalia vizuri: tawi lenyewe lilikuwa demani. Demani! Na pale lilipokauka gome limevimba, na kwenye uvimbe kuna vifuko vya rangi ya chungwa, ukigusa vinaacha poda kwenye kidole kama manjano ya pilau. Hiyo ni kutu ya malengelenge, kuvu aliyeingia magharibi ya Amerika Kaskazini mwaka 1910 na miche iliyoletwa Vancouver, kaskazini mwa Colorado akaonekana mwaka 1998, na paini gome-jeupe ameipiga mpaka mwaka 2022 serikali ya Marekani ikaiweka kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini. Haambukizi paini kwa paini, lazima apitie kwenye mmea mwingine kwanza, hasa vichaka vya matunda madogo vya jamii ya Ribes. Kwa hiyo kama ni sindano tano, na tawi moja limekauka peke yake, na haliko joshini, usiseme upepo. Tafuta uvimbe, mwisho wa masika ndo vifuko vinaonekana, piga picha ya uvimbe na ya mti mzima, weka alama ya mahali kwenye simu, wapelekee askari wa hifadhi. Usikate. Mama yule nilimpigia nikamwambia alikuwa sahihi kuuliza, akacheka akasema alijua, maana miti mingine yote ilikuwa imekauka upande ule mwingine.

Wa shemeji lakini ni bendera. Nilimwambia apasue chipukizi ya demani, akanitumia picha ya pili, kijani kabisa.